Ile "W" kwenye bido: mafuta gani kwa kamio ya kooperative?



Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, kamati kadhaa zinatuuliza: je, tununue mafuta ya sentetiki kwa motere ya kamio? Wauzaji wanawaambia kwamba huku milimani mafuta ya kawaida "yanalala" usiku, kisha asubuhi motere inakufa. Bido ya sentetiki inaweza kuuzwa mara mbili ya ile ya kawaida, hata zaidi, na motere ya kamio inakunywa litre 15, 20, pengine 30 kwa vidanje moja. Hiyo ni feza ya magunia mengi ya viazi. Inafaa tujue tunalipia nini.

Angalieni maandiko ya kwenye bido: 15W-40, 10W-40, 5W-30. Ile W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele ya W inaonyesha mafuta yanafanyaje motere ikiwa baridi. Namba ikiwa ndogo, mafuta yanaendelea kutiririka hata kwenye baridi kali zaidi. Na baridi yenyewe ni ya namna gani? Mafuta ya 15W yanapimwa kwenye digrii 20 chini ya sifuri kuona kama motere itazunguka, na kwenye digrii 25 chini ya sifuri kuona kama pompi itayavuta. Ya 5W yanapimwa kwenye 30 na 35 chini ya sifuri.

Sasa tulinganishe na kwetu. Kule Lubumbashi, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zinashuka chini ya digrii 10, na wazee wanavaa makoti mawili. Huku Lubero na milimani Masisi tunatetemeka vilevile. Lakini maji ya kwenye ndoo hayagandi kuwa barafu, na maji yanaganda kwenye digrii 0. Basi 15W bado iko mbali sana na mwisho wa nguvu yake. Baridi ya kwetu ni ya watu, haiko ya motere.

Mafuta ya sentetiki yana sababu yake. Mafuta ya kawaida yanatoka katika petroli ya ardhini na yanabakia na nta kidogo, kama nta ya mushumaa. Kule Canada, Norway ao Urusi, usiku wa digrii 30 chini ya sifuri, nta hiyo inaganda, mafuta yanakuwa kama uji, pompi inashindwa kuyavuta, na vyuma vinasuguana vikavu. Kuna wenye magari kule ambao wanachomeka motere kwenye umeme usiku ili isipoe. Sentetiki nzuri haina ile nta, ndiyo maana inawaokoa. Kamio nyingi tunazonunua zimeshatumika Ulaya, na pengine zinafika na karatasi inayotaka mafuta ya kule. Muuzaji anawasomea karatasi hiyo kama vile tungekuwa na theluji.

Namba ya pili, ile ya nyuma, ndiyo inatugusa sana. Inaonyesha uzito wa mafuta motere ikiwa moto. Kamio iliyobeba tani 8 ikipanda mulima kwa vitesi ya kwanza na ya pili muda mrefu, inachemka kweli. Motere ya zamani iliyotengenezwa kwa 40 isipewe 30: mafuta yatakuwa mepesi kupita kiasi na presha itashuka.

Kisha tafuteni herufi za API. S ni ya motere za esanse, C ni ya motere za mazutu. Kamio inataka C: CH-4 ni ya tangu 1998, CI-4 ya tangu 2002, CK-4 ya tangu 2016. Kwa kamio nyingi za kooperative zetu, zisizo na filtre ya moshi kwenye eshapema, 15W-40 ya kawaida yenye CI-4 inatosha kabisa. Tunasema hivyo bila kusitasita. Lakini kamio mupya yenye filtre hiyo ni jambo lingine: fuateni kitabu chake, hata bei ikiwa kali, juu mafuta yasiyofaa yanaacha majivu mengi ambayo yanaziba filtre.

Sentetiki inavumilia pia moto wa turbo, na inaweza kukaa muda murefu zaidi kabla ya vidanje. Hapo ndipo wa Ulaya anarudisha feza yake. Kwetu vumbi na mazutu chafu vinaharibu mafuta mapema, ya bei yoyote; ni heri kununua ya kawaida na kuyabadilisha kwa wakati, pamoja na filtre. Turbo nayo mutailinda kwa kuiacha motere izunguke polepole dakika 2 ao 3 kabla ya kuizima.

Msihesabu kilometa peke yake. Kwenye barabara zetu, kilometa 60 zinaweza kumaliza siku nzima, na motere imezunguka saa kumi. Shofere aandike masaa katika daftari. Rangi nyeusi isiwatishe, mafuta ya motere ya mazutu yanakuwaka nyeusi haraka kwa sababu yanashika masizi. Cha kuogopa ni mafuta yenye rangi ya maziwa, maana maji yameingia, ao mafuta yanayopanda kwenye joje na kunuka mazutu. Hapo simamisheni kamio, muite fundi.

Na kama asubuhi motere inakataa kuwaka? Mara nyingi kosa liko kwa batri iliyochoka, nyaya zenye kutu, bujie za kupasha motere, ao hewa iliyoingia kwenye mpira wa mazutu. Pimeni hizo kwanza. Batri dhaifu haiponi kwa bido ya bei kali.

Hatari kubwa ya soko ni mafuta ya uongo: mafuta yaliyotumika, yakachujwa na kurudishwa katika bido nzuri. Nunueni bido yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, muombe fakture. Bido ikiisha, itoboeni siku ileile, mbele ya shofere na mushika-feza, isirudi sokoni na isiwekwe mafuta ya mawese.