Sakafu Yenye Joto Bila Sumu

Katika nchi ya Korea, ambako majira ya baridi huleta theluji na barafu, watu wa kale hawakuwasha moto chumbani bali chini ya chumba. Meko yalijengwa chini kuliko sakafu, na moshi wake ukapitishwa katika njia zilizofunikwa kwa mawe bapa, hata ukatokea kwenye dohani upande wa pili. Juu ya mawe ulisiribwa udongo, kisha ikatandikwa karatasi nzito iliyotiwa mafuta. Hapo jamaa walikula na kulala. Mtindo huo huitwa ondol.

Baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953 kuni zilikuwa adimu. Wakazi wa miji ya Korea Kusini wakatumia makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa kuwa matofali ya duara yenye matundu. Yaliwaka usiku kucha kwa bei nafuu, lakini yalitoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sakafu ilipopata ufa mwembamba, hewa hiyo ilipenya. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Watu wengi walipoteza maisha hivyo.

Wakorea hawakuiacha sakafu yao, bali walibadili kipitacho chini yake. Mahali pa moshi pakawekwa mabomba ya maji yaliyofukiwa katika saruji. Boila huyapasha maji moto, nayo huzunguka chini ya sakafu na kurudi yakiwa yamepoa. Bomba likipasuka, hutoka maji tu. Tena nyuzi 40 hivi za joto zatosha, kwa kuwa sakafu nzima ndiyo itoayo joto. Kipashajoto cha ukutani, kilicho kidogo, kwa kawaida huhitaji maji ya nyuzi 60 au zaidi.

Hata hivyo, boila nayo ina moto, na moto wataka dohani nzima. Mwezi Desemba 2018, mjini Gangneung, wanafunzi 3 walikufa katika nyumba ya wageni kwa sababu bomba la moshi la boila ya gesi lilikuwa limeachana nayo.

Nasi tuna la kujifunza. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa sumu ile ile, hata likiwa halifuki moshi. Usiku wa baridi, jiko na libaki nje. Ndani tujifunike mablanketi.