WATOTO SHULENI, MFANYAKAZI LANGONI



Sisi wa viwanda vya upande wa Namanve, nje ya Kampala, hatuhitaji kalenda kujua kwamba shule zimefunguliwa. Barabara ya Jinja hutuambia. Wakati wa likizo tukitoka nyumbani saa 12 asubuhi tunawahi kazini. Shule zikifunguliwa, hata aliyetoka saa 11 na nusu hukuta lango limefungwa, na nyapara ameshika daftari la waliochelewa.

Jambo hili lilionekana wazi tarehe 10 Januari 2022. Siku hiyo shule za Uganda zilifunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Asubuhi ileile msongamano ukarudi Kampala, na wanafunzi wa bweni wakaonekana barabarani na magodoro yao.

Sababu ni nini? Mwaka 1997 serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na madarasa yakajaa. Tangu hapo mzazi mwenye uwezo humpeleka mtoto shule ya kulipia, hata kama iko upande wa pili wa mji. Gari zima hubeba mtoto mmoja. Asiye na gari huwapandisha watoto bodaboda, pengine watatu kwa pikipiki moja. Taksi yenye wafanyakazi 14 husimama nyuma ya foleni hiyohiyo.

Hatuwalaumu watoto, wengi ni wetu. Wala hatumlaumu mzazi anayetafuta elimu. Katika tawi letu mama mmoja alimfikisha mwanawe shuleni kwanza, akachelewa dakika 10, akakatwa ujira wa nusu siku. Je, hiyo ni haki?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja saa 48 za kazi kwa juma. Saa za foleni hazimo, lakini ni sisi tunaozilipa. Basi tudai mambo mawili: gari la kampuni la kuchukua wafanyakazi, na zamu ya asubuhi isogezwe siku za masomo.

Kila mmoja aandike saa aliyotoka nyumbani na saa aliyofika, juma mbili za likizo na juma mbili za masomo. Nyapara ana daftari lake. Na sisi tuwe na letu tutakapokaa mezani na mwajiri.

Umoja ni nguvu!