Anayesimulia Siri Naye Apimwe

Wasomaji wawili wakimaliza riwaya moja ya taharuki, si ajabu wakatoa hukumu zinazopingana. Mmoja ataiita dhaifu kwa kuwa alimtambua muuaji mapema. Mwingine ataisifu kwa kuwa ilimkosesha usingizi. Kila mmoja anasema kweli yake, ila maneno yao yanatueleza habari zao wenyewe kuliko habari za kitabu. Riwaya ya siri za familia inastahili kipimo kingine, na mfano mzuri wa kukielezea ni Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyotoka Uingereza mwaka 1938.

Msimulizi ni msichana fukara ambaye jina lake halitajwi hata mara moja. Anaolewa na Maxim de Winter, mgane tajiri, naye anampeleka Manderley, jumba la ukoo wake huko Cornwall. Marehemu Rebecca, mke wa kwanza, bado anatawala kila chumba, na Bi Danvers, msimamizi wa nyumba, anahakikisha bibi arusi hasahau hilo. Kwa zaidi ya nusu ya kitabu tunaamini Maxim anamlilia marehemu. Kisha mashua ya Rebecca inagunduliwa chini ya bahari, maiti yake ikiwa ndani, na Maxim anamkiria mkewe kwamba alimchukia Rebecca, akampiga risasi na kuizamisha mashua.

Siri hiyo nimeitaja makusudi. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti uliotumia hadithi fupi 12. Kwa wastani, waliodokezwa mwisho kabla ya kusoma walizifurahia hadithi zaidi kuliko ambao hawakudokezwa. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote na matokeo hayo, lakini swali lililoibuliwa lina uzito: kama mshangao ndio utamu wote, kwa nini watu hurudia riwaya wanayoijua mwisho wake?

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alikuwa amekwisha kulijibu vizuri swali hilo alipozungumza na mwongozaji mwenzake François Truffaut. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, alisema, mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache. Akijulishwa mapema kwamba bomu lipo, huku waliokaa mezani wakipiga soga bila habari, atahangaika kwa dakika nyingi. Hayo ya pili ndiyo taharuki. Katika Rebecca, ungamo la Maxim linatushtua mara moja, kisha linatuacha na hofu ya muda mrefu wakati kifo kikichunguzwa, kwa sababu sasa tunajua asichokijua mchunguzi. Siri imemtoka mume, imemwingia mke, na sisi tumekuwa washirika wao.

Hapo ndipo maoni ya wasomaji yanapogawanyika kwa sababu za msingi. Mke anapolisikia ungamo, kinachomjaa moyoni ni faraja kwamba mumewe hakumpenda Rebecca, na mauaji yenyewe yanasogezwa pembeni. Msomaji aliyemfuata msimulizi huyu tangu mwanzo hujikuta akiomba muuaji asikamatwe. Aliyemtilia shaka huuliza: sehemu kubwa ya uovu wa Rebecca tumeisikia kwa nani, kama si kwa mume aliyemuua? Mwandishi mwenyewe alikiona kitabu chake kuwa uchambuzi wa wivu, ingawa wengi walikipokea kama hadithi ya mapenzi.

Hitchcock alipokitengenezea filamu mwaka 1940, kanuni za maadili za Hollywood hazikuruhusu mtu amuue mkewe akaepuka adhabu. Kwa hiyo katika filamu Rebecca anaanguka na kuumia kichwa. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya filamu bora, na aliyeiona bila kusoma kitabu anamhukumu Maxim mwingine kabisa.

Msomaji wa Kiswahili naye ana mazoea yake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alitupa Bwana Msa, mpelelezi ambaye kufumbua kwake uhalifu mara nyingi humfikisha kwenye nasaba: nani ni mtoto wa nani, na nani aliyefichwa ukweli huo. Aliyezoea Bwana Msa hutazamia fumbo lifunguliwe na mtu wa nje, hoja baada ya hoja, mbele ya wahusika. Akiifungua Rebecca kwa matarajio hayo atasema haikukamilika, maana muuaji hafikishwi mahakamani. Lakini du Maurier alitaka tuone jinsi familia inavyoilinda siri yake, na kazi hiyo aliimaliza barabara.

Basi utakapotoa maoni juu ya riwaya ya aina hii, usiishie kutuambia kama uliukisia mwisho. Tuambie ulimwamini nani, ulianza kumtilia shaka kwenye ukurasa gani, na nani alinyimwa nafasi ya kujieleza. Maoni ya namna hiyo yatamsaidia msomaji mwenzako kuchagua kitabu, na yatamwonyesha mwandishi kwamba kazi yake imesomwa kwa makini.