Uteuzi Bila Mteuzi: Tamathali katika Vitabu vya Biolojia kwa Umma na Changamoto Zake kwa Kiswahili

Utangulizi

Kwa muda mrefu, taaluma ya fasihi ya Kiswahili vyuoni imejishughulisha na riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Utanzu mmoja ambao haujapewa nafasi ya kutosha ni ule wa vitabu vya sayansi vinavyoandikiwa msomaji wa kawaida, hususan vile vinavyoeleza biolojia, yaani elimu ya viumbe hai. Vitabu hivi si vya kiada wala havikusudiwi mtihani. Mwandishi wake ni mtaalamu anayetoka maabarani au porini ili amweleze asiye mtaalamu kile alichokigundua. Kwa kuwa hawezi kutegemea istilahi zinazoeleweka na wenzake pekee, hulazimika kuazima zana za msanii: sitiari, tashihisi, taswira na masimulizi.

Makala hii inadhamiria kubainisha kwamba tamathali hizo si pambo tu, bali ndizo zinazobeba maana yenyewe. Tamathali ikieleweka vibaya, sayansi nayo hueleweka vibaya. Ili kulithibitisha dai hili, vitabu vitatu vinavyojulikana sana vinajadiliwa: cha Charles Darwin, cha Jane Goodall na cha Richard Dawkins. Katika kila kimoja, swali linaloulizwa ni hili: je, Kiswahili kingelisema jambo hilo namna gani?

Uteuzi bila mteuzi

Kitabu cha Darwin kiitwacho On the Origin of Species kilichapishwa London tarehe 24 Novemba 1859. Nakala za chapa ya kwanza zilikuwa 1,250 pekee. Japo kilizua mjadala mkubwa miongoni mwa wanasayansi, kiliandikwa kwa lugha ambayo msomaji yeyote aliyeelimika angeweza kuifuata. Darwin anaanza na jambo la kawaida kabisa, yaani jinsi wafugaji wa njiwa na mifugo wanavyochagua wazazi wa kizazi kijacho. Kutoka hapo anamwongoza msomaji hadi kwenye wazo lake kuu: maumbile nayo huchuja, ingawa hakuna anayechagua.

Tatizo lilizuka papo hapo katika neno lenyewe. Wahakiki walidai kwamba kusema maumbile huteua ni kuyapa maumbile akili na nia. Katika toleo la tatu la mwaka 1861, Darwin alijitetea kwa kueleza kwamba hiyo ilikuwa lugha ya sitiari tu, kama wanakemia wanavyozungumza juu ya elementi kana kwamba zinapendana. Mwaka 1866, Alfred Russel Wallace alimshauri atumie maneno ya Herbert Spencer yanayosisitiza kusalia kwa kiumbe afaaye zaidi. Darwin aliyaingiza katika toleo la tano la mwaka 1869.

Mjadala huo unajirudia katika Kiswahili, tena kwa uzito zaidi. Nomino "uteuzi" inamkumbusha msikilizaji "mteuzi", kwa kuwa unyambuaji wetu uko wazi: panapo uteuzi hutarajiwa mteuzi na mteule. Nayo maneno ya Spencer hufasiriwa kwa wepesi kupitia methali "Mwenye nguvu mpishe". Fasiri hiyo inapotosha. Afaaye zaidi si lazima awe mwenye nguvu. Ni yule ambaye sifa zake zinaoana na mazingira yake kiasi cha kuacha wazao wengi kuliko wenzake. Katika mwaka wa ukame, mnyama mdogo mwenye mahitaji machache anaweza kufaa kuliko fahali.

Aidha, neno "mageuko" lina mtego wake. Katika ngano zetu, zimwi hugeuka binti mrembo na mtu hugeuka fisi usiku mmoja. Mgeuko wa namna hiyo humhusu kiumbe mmoja. Haishangazi basi kwamba wengi wanaposikia habari za mageuko hudhani Darwin alidai kuwa nyani fulani aligeuka mtu, kisha huuliza mbona nyani wa leo hawageuki. Kinachobadilika si kiumbe mmoja bali ni jamii ya viumbe, kizazi baada ya kizazi. Binadamu na sokwe hawakutokana mmoja na mwingine. Walitokana na mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita.

Upotovu huu una madhara nje ya darasa. Chukua mfano wa usugu wa dawa. Ni kawaida kusikia mgonjwa akisema kwamba mwili wake "umezoea dawa". Sentensi hiyo ina kiima kisicho sahihi. Mwili haukuzoea chochote. Miongoni mwa bakteria zilizoshambuliwa na dawa, chache zilikuwa na sifa ya kuistahimili. Zilizobaki zikafa, hizo chache zikazaana, na hatimaye karibu zote zikawa za aina hiyo. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitahadharisha juu ya jambo hili katika mhadhara wake wa Nobel mwaka 1945. Anayeamini kwamba tatizo limo mwilini mwake ataliona kuwa lake peke yake. Anayeelewa kwamba tatizo ni bakteria atatambua kuwa zinaweza kumwambukiza jirani ambaye hajawahi kuonja dawa hiyo.

Sokwe na kiwakilishi

Kitabu cha pili kinatuleta Afrika Mashariki. Jane Goodall alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Julai 1960. Aliyemtuma ni Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kabete ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika makumbusho ya Nairobi. Kabla mwaka haujaisha, Goodall alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akitumbukiza bua la nyasi katika kichuguu, akilichomoa likiwa na mchwa na kuwala. Hadi siku hiyo, wataalamu wengi waliamini kwamba kutumia na kutengeneza zana ni sifa ya binadamu pekee. Mwaka 1971, Goodall alisimulia hayo yote katika kitabu In the Shadow of Man, kinachosomeka kama masimulizi ya jamaa fulani: mama Flo, bintiye Fifi na wengineo.

Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alisimulia mara nyingi jinsi mhariri wa makala yake mojawapo ya awali alivyofuta viwakilishi vya Kiingereza vinavyorejelea mtu na kuweka kile kinachorejelea kitu. Goodall alivirudisha. Kwake, kiwakilishi kilikuwa hoja ya kisayansi, kwamba kila sokwe ana nafsi yake na tabia zake.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili atatabasamu hapa. Katika lugha yetu, mgogoro huo usingezuka. Sokwe "alikuja", sokwe "huyu", sokwe "ambaye". Upatanisho wa ngeli ya A-WA ni haki ya kila mnyama. Hata kifaru, kiboko na kipepeo, ambao maumbo yao yanaelekea KI-VI, huchukua upatanisho wa A-WA. Hata hivyo, faida hii ina gharama yake. Kwa kuwa chawa na siafu nao wamo katika ngeli hiyo hiyo, upatanisho peke yake hauwezi kuonyesha ujasiri wa Goodall. Mfasiri atalazimika kuutafuta kwingine, hasa katika majina na istilahi za ujamaa, ambazo Kiswahili kinazo tele.

Jeni na choyo chake

Kitabu cha tatu ni The Selfish Gene cha mwaka 1976. Mwandishi wake, Richard Dawkins, alizaliwa Nairobi mwaka 1941. Hoja yake ni kwamba uteuzi asilia unaeleweka vyema ukitazamwa kwa upande wa jeni: miili hufa, ilhali nakala za jeni huendelea kurithishwa. Jeni inayomfanya kiumbe awasaidie jamaa zake inaweza kuenea kwa sababu jamaa hao nao huenda wakabeba nakala yake. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki, kwa wastani, nusu ya jeni zinazorithiwa kwa njia hii. Mabinamu hushiriki sehemu moja kwa nane. Kwa ufupi, ni methali "Damu nzito kuliko maji" ikielezwa kwa hesabu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kitabu chenye neno "ubinafsi" katika anwani yake kinaeleza, kwa sehemu kubwa, chanzo cha ukarimu. Wasomaji wengi waliishia kwenye anwani. Mwaka 1979, mwanafalsafa Mary Midgley alikishambulia akishikilia kwamba jeni haiwezi kuwa na ubinafsi. Naye Dawkins, katika toleo la mwaka 2006, alikubali kwamba anwani inayotaja jeni isiyokufa ingaliweza kufaa.

Anwani hii ni mtihani kwa mfasiri wa Kiswahili. Akisema "jeni ya ubinafsi", kihusishi cha a-unganifu kitamfanya msomaji adhani kuna jeni inayosababisha mtu kuwa mbinafsi, jambo ambalo Dawkins hakulikusudia. Akisema "jeni mchoyo anayetaka kuishi", ataihamisha jeni kutoka I-ZI hadi A-WA, na papo hapo itaingia katika ulimwengu wa ngano pamoja na Sungura mjanja na Fisi mlafi. Akisema "jeni yenye choyo", atakuwa amehifadhi sitiari bila kuipa jeni nafsi. Hapa ndipo ubora wa lugha yetu unapodhihirika: tashihisi haiwezi kujificha. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuteleza kutoka sitiari hadi imani bila kujua. Wa Kiswahili hufichuliwa na kiambishi cha kwanza tu.

Hitimisho

Imebainika kwamba kazi ya kuandika biolojia kwa umma ni ya sayansi na ya lugha kwa pamoja. Istilahi nyingi zipo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kinachopungua ni vitabu. Vilivyobuniwa moja kwa moja katika Kiswahili ni vichache mno, na orodha ya istilahi haiwezi kumweleza mgonjwa kwa nini dawa haimfai tena.

Lawama haiwezi kuwaangukia wanabiolojia pekee, maana wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu shuleni. Inafaa idara za Kiswahili ziuingize utanzu huu katika mihadhara ya stilistiki na ya tafsiri, na wanafunzi wa pande hizi mbili washirikiane: mmoja ahakikishe kwamba jambo ni la kweli, mwingine ahakikishe kwamba kiima ndicho. Kidole kimoja hakivunji chawa.