Stakabadhi ni Kinga ya Mapato ya Halmashauri

Halmashauri za wilaya nchini hukusanya mapato ya ndani kwa mashine za POS na kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mifumo hii imeundwa ili kila shilingi iache alama. Hata hivyo, uimara wake hutegemea mwenendo wa watu wanaoitumia kuliko mashine zenyewe.

Mkusanyaji anapoingiza malipo kwenye mashine na kutoa stakabadhi, taarifa hupelekwa kwenye mfumo mkuu. Tangu hapo huhesabiwa kuwa anadaiwa fedha hizo mpaka aziwasilishe benki. Stakabadhi isipotolewa, mfumo hauna habari ya malipo hayo, na hakuna mkaguzi awezaye kudai kisichoandikwa.

Tuchukulie kwamba katika mnada mmoja wafanyabiashara 50 wanakubali kulipa shilingi 1,000 kila mmoja bila stakabadhi. Hizo ni shilingi 50,000. Minada ikiwa minne kwa mwezi, upotevu wa mwaka ni shilingi 2,400,000. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yakiondolewa mapato lindwa, kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo fedha iliyopotea mnadani ingechangia shilingi 240,000 katika mikopo hiyo. Anayeumia ni jirani, pengine hata mlipaji mwenyewe.

Ufa wa pili ni nywila. Wakusanyaji wawili wakitumia nywila moja, upungufu ukitokea haijulikani nani aulizwe. Mwaminifu hutiwa shakani, na mkosaji hupata pa kujificha.

Ufa wa tatu ni haraka na hofu. Tapeli hupiga simu akijitambulisha kuwa ofisa, akitisha kuwa biashara itafungwa leo, kisha hutaja namba ya simu ya kutumia fedha. Hahitaji kuvunja mfumo. Humshawishi mtu aupite kando. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, wala si kwa simu ya mtu binafsi. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040.

Mkazi anaombwa kuzingatia haya:

1. Asiondoke bila stakabadhi, na aisome: kiasi, tarehe na aina ya malipo.
2. Asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri.
3. Ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na aulizie taarifa ya mapato na matumizi.

Mkutano usiohudhuriwa huwaacha viongozi bila wa kuwahoji, na utawala bora hudhoofika kimyakimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo hujengwa kwa fedha za wananchi wote.