Fuko katika Bustani na Viwanja vya Ufipa

Fuko ni mgugunaji mdogo anayeishi chini ya ardhi karibu maisha yake yote. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, Sumbawanga mjini ikiwemo, hushambulia bustani za viazi vitamu, viazi mviringo na karanga, na wakati mwingine hupita hadi uani. Mvua zinapoanza kunyesha mwezi Novemba, udongo hulainika na uchimbaji huongezeka.

Kabla ya kuchukua hatua, mharibifu atambuliwe. Panya huacha tundu wazi. Nungunungu hufukua usiku kutoka juu na pengine huangusha miiba. Fuko huacha rundo la udongo mbichi lisilo na tundu, na kiazi huliwa kutoka chini huku majani yakionekana mazima, mpaka shina linyauke. Ili kujua kama njia yake bado inatumika, hufukuliwa sehemu ndogo mpaka iwe wazi. Fuko havumilii hewa na mwanga kuingia. Kama yupo, hurudi kuziba kwa udongo. Upenyo ukibaki wazi siku kadhaa, njia hiyo imehamwa na hakuna haja ya kutega.

Fuko huishi kifamilia, na kwa kawaida jike mmoja tu ndiye anayezaa, watoto wachache baada ya mimba ya miezi mitatu hivi. Hivyo hawaongezeki kwa kasi ya panya, na kinga nzuri hutosha mara nyingi. Viazi vilivyokomaa vivunwe mapema, visiachwe ardhini kama ghala. Mabaki ya mizizi yaondolewe. Tuta dogo karibu na nyumba liwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo, chini na pembeni. Kulima kwa kina wakati wa kutayarisha shamba huvunja njia za juujuu.

Hasara ikizidi, mtego unaoua papo hapo, au unaomnasa mzima, uwekwe ndani ya njia na ukaguliwe mara kwa mara. Kumchoma moto au kumwacha ananing'inia kwenye kamba ni ukatili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Sumu nayo ina hatari kubwa: huweza kuua kuku, mbwa na bundi, na kumdhuru mtoto. Kiuatilifu chochote lazima kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Wanyamapori wengine, kama nungunungu, wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwenye kiwanja asiwawinde bila kibali, bali atoe taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Kwa fuko, ushauri wa kwanza utafutwe kwa afisa ugani wa kata, kabla ya kununua dawa yoyote dukani.