Je, Wajua? Ushuru wa Bia Ukipanda, Gongo Ndiyo Hupata Wateja

Je, wajua kuwa bajeti ya Serikali husomwa Juni, wakati wakulima wa Simiyu wakipeleka pamba kwenye vyama vyao vya ushirika (AMCOS), na ushuru mpya huanza Julai Mosi? Ushuru ukiongezwa, bei ya bia hupandishwa Bariadi, Maswa na Lamadi pale pale fedha ya pamba inapoanza kuonekana mifukoni.

Je, wajua kuwa kwenye bia unalipa kodi juu ya kodi? Ushuru wa bidhaa hutozwa kiwandani kwa lita. Kisha VAT hupigwa juu ya bei ambayo ushuru umeshaingia.

Juni 2025 Serikali ilipendekeza nyongeza ya shilingi 20 kwa lita ya bia, fedha ziende kwenye mapambano ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Lengo ni jema. Lakini piga hesabu: kwa chupa ya nusu lita ni shilingi 10, na hata ukiongeza VAT ya asilimia 18 haifiki 12. Kaunta gani ina chenji ya shilingi 12? Baa ikipandisha, hupandisha kwa mia au mia tano. Mnywaji anatoa mia, mgonjwa anafikiwa na kumi.

Je, wajua kuwa mwaka 2023 Serikali yenyewe ilisema viwango vya ushuru wa aina hii vitapitiwa kila baada ya miaka mitatu badala ya kila mwaka? Kutoka 2023 hadi 2025 ni miaka mingapi?

Je, wajua kuwa ushuru ukishuka mkulima hupata soko? Mwaka 2021 bia ya shayiri iliyolimwa na kugeuzwa kimea hapa nchini ilishushiwa ushuru kutoka shilingi 765 hadi 620 kwa lita. Uganda nao waliipa nafuu bia ya mtama ya Eagle, na wakulima wa mtama wakapata mnunuzi wa uhakika. Mtama ndio huo huo unaovumilia ukame wa Meatu na Itilima.

Sasa tazama Kenya, maana hapa ndipo penye somo. Senator Keg, bia ya bei nafuu ambayo baadaye ilitengenezwa kwa mtama, ilianza mwaka 2004 ikipewa msamaha wa ushuru, makusudi ili watu waachane na chang'aa, gongo ya Kenya. Mwaka 2013 msamaha ulikatwa hadi asilimia 50. Bei ikaruka, mauzo yakaporomoka, wakulima wa mtama wakabaki na magunia. Mei 2014 pombe haramu yenye methanoli iliua zaidi ya watu 80 katika kaunti kadhaa, na wengine wakapofuka. Mwaka 2015 msamaha ulirudishwa hadi asilimia 90. Ushuru haukuwa sababu pekee ya vifo vile, lakini kumwondolea maskini kinywaji salama anachokimudu ni kumsukumia kwenye pombe haramu.

Je, wajua kuwa kupika gongo bila leseni kumekatazwa kwa sheria tangu 1966? Na bado inapikwa: pipa juu ya moto, bomba linalopita kwenye maji baridi, matone yakidondokea kwenye chupa ya maji iliyookotwa. Haina lebo, haina kipimo cha kilevi, na hailipi hata senti moja ya ushuru. Chupa ya pombe kali ya dukani ina stempu ya TRA unayoweza kuihakiki kwa simu kupitia Hakiki Stempu. Ya gongo utaihakiki kwa macho yako, ukibahatika kubaki nayo.

Viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Nilikubali wakati ule na nakubali leo. Ulevi unavunja nyumba, na anayekataa hilo hajakaa jirani na kilabu. Ila wa kubanwa ni mpika gongo, muuza stempu bandia na baa inayouzia watoto. Anayekunywa bia mbili halali jioni ameshalipa.

Je, wajua kuwa Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha kabla haujapitishwa? Mkulima wa mtama, mwenye grosari pale Bariadi mjini, mhudumu wa baa: ninyi ni wadau. Andikeni, na mwambieni mbunge wenu kabla hajapanda gari kwenda Dodoma.